Kilicho Chini ya Paa ni Changu

Ngano yangu iko mlangoni, inabisha hodi.

— Karibu, ipite.

Imetoka mbali, ina njaa.

— Tutailisha masikio.

Basi nipeni sikio moja. La pili bakini nalo, msikie mama akiita.

Alikuwapo Pimbi mmoja, mjane, mama wa watoto. Mtoto wake wa kwanza aliitwa Nyemo, kwa hiyo nchi nzima ilimwita Mama Nyemo. Nchi yenyewe ilikuwa kavu, ya mawe na miiba. Mvua huja mara moja kwa mwaka, na ikija huja na fujo.

Mama Nyemo alilala kwenye mwamba kama pimbi wote. Lakini chini ya mwamba, kando ya korongo, alikuwa na bustani. Humo alipanda kunde, njugu mawe, mtama kidogo na maboga. Akaizungushia boma la miiba. Katikati ya bustani kulikuwa na kibanda alichokijenga marehemu mume wake. Kuta za udongo, mlango wa fito, na juu paa la bapa la udongo, kama paa la tembe. Ndani ya kibanda aliweka jembe lake, nyungo zake na vibuyu vya mbegu.

Paa la tembe ni zuri. Unaanika mboga juu yake, unakaa juu yake ukatazama shamba. Lakini paa lile lilikuwa limezeeka. Boriti zimeliwa na mchwa. Katikati limebonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea. Mvua ikinyesha, maji yanatuama pale katikati, yanajifikiria, kisha yanaingia ndani. To, to, to. Mwaka uliotangulia yaliingia kwenye vibuyu, mbegu zikaota ukungu, na Mama Nyemo akazunguka kwa majirani akiomba mbegu za kunde kiganja kimoja kimoja. Msimu ule wanawe walikula majani ya porini mpaka midomo ikawa michungu. Hilo hakulisahau.

Kwa hiyo upepo ulipoanza kunukia mvua, Mama Nyemo alipanda juu ya paa akaanza kuziba nyufa. Anaziba hapa, kunapasuka kule. Anaziba kule, kunapasuka hapa. Jirani yake, Mzee Kobe, alisimama chini akimtazama.

"Mama Nyemo," akasema Kobe, "hapo unampaka poda mgonjwa."

"Sasa nifanyeje, mzee wangu?"

"Paa hilo limekwisha. Lishushe lote. Weka boriti mpya, fito mpya, nyasi mpya, udongo mpya. Na safari hii usililaze sawasawa. Paa la bapa huinama kidogo upande mmoja, kama mtu anayetega sikio. Maji yakifika juu yaone njia ya kushukia."

"Najua," akasema Mama Nyemo. "Lakini boriti inayofaa ni ya mpingo, ambayo mchwa hawezi kuitafuna. Na mpingo mmoja mimi na wanangu wote hatuwezi kuuinua hata ncha."

Kobe akalitazama gamba lake. Yeye mwenyewe nyumba yake alizaliwa nayo, haikuwahi kuvuja.

Sasa, katika nchi ile aliishi Nyati. Nyati alikuwa na nguvu, alijua kwamba ana nguvu, na alitaka kila mtu ajue. Tena alikuwa mlafi. Akiona majani mabichi ya jirani, majani yake mwenyewe humgeukia shubiri mdomoni. Kila siku alipita nje ya boma la Mama Nyemo akinusa, fu, fu, fu. Lakini Nyati alikuwa na jambo moja jema. Akiapa kwa pembe zake, ameapa. Hakuna aliyewahi kumwona Nyati akirudi nyuma ya neno lake, na hilo pia alitaka kila mtu ajue.

Siku ile alipita, akamwona Mama Nyemo juu ya paa na udongo mpaka puani.

"Mama Nyemo, unahangaika."

"Nahangaika, Bwana Nyati. Karibu."

"Paa lako bovu."

"Ni bovu, Bwana Nyati."

"Mimi naweza kukuwekea jipya. La mpingo. La kudumu."

Mama Nyemo akashuka taratibu, akajifuta mikono. "Na mimi nikupe nini?"

Nyati alitazama bustani, akameza mate. Alitaka kusema nusu ya mavuno. Lakini ulafi ukamwambia, mbona nusu? "Siku utakayomaliza kuvuna," akasema, "nitakuja kufungua mlango wa kibanda hiki. Kila nitakachokikuta chini ya paa ni changu. Chote."

Mama Nyemo akakaa chini kwenye vumbi. Machozi yakamlengalenga, na sehemu ya machozi hayo ilikuwa ya kweli, kwa sababu alikuwa akiwafikiria wanawe. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Chini ya paa, Bwana Nyati?"

"Chini ya paa."

"Na kisichokuwa chini ya paa?"

Nyati akacheka mpaka miiba ya boma ikatikisika. "Nje ya paa kuna nini? Jua na upepo. Chukua wewe, mama. Mimi si mchoyo."

"Basi apa mbele ya Mzee Kobe."

Nyati akainamisha kichwa mpaka pembe zikagusa ardhi. "Naapa kwa pembe zangu."

Alipokwenda zake, Kobe akasogea karibu. "Mama Nyemo, umeuza chakula cha watoto."

"Mzee wangu," akasema Mama Nyemo, "kwanza tupate paa."

Kazi ikaanza. Mama Nyemo alivitoa vibuyu vyote vya mbegu akavipeleka mwambani, kwenye ufa mkavu. Nyati alipofika, alimkuta amesimama na kijembe kidogo.

"Bwana Nyati, huu udongo wa zamani ni mzito. Mimi na wanangu tutaushusha kwa kikapu, kidogo kidogo."

Nyati akamtazama. Nyati akacheka. "Sogea," akasema.

Akaingiza pembe chini ya boriti, akainua. Kraa! Paa lote likaondoka kwa mkupuo mmoja, likaangukia kando. Puuu, vumbi. Mchwa wakakimbia, buibui wakakimbia, na mjusi mmoja mnene aliyekuwa akiishi humo akahama bila kuaga.

Ikaja zamu ya boriti.

"Bwana Nyati, mpingo uko mbali, na ni mzito kama jiwe. Tuweke tu vijiti vya mnyaa, ndivyo ninavyoweza kubeba."

Nyati akamtazama. Nyati akacheka. "Sogea," akasema.

Akaenda porini. Mama Nyemo akasikia tu, kuru, kuru, kuru, magogo yanaburutwa juu ya mawe. Nyati alileta mipingo mirefu, iliyonyooka, akaipandisha juu ya kuta kwa paji la uso. Mama Nyemo na wanawe wakapanga fito juu ya boriti, wakazifunga kwa kamba za magome, wakatandaza nyasi. Mzee Kobe alilaza shingo yake chini, akafumba jicho moja, akatazama mteremko.

"Upande wa korongo ushuke kidogo," akasema. "Kidogo tena. Hapo. Sasa linasikiliza."

Ikaja zamu ya udongo.

"Bwana Nyati, udongo mzuri ni wa kichuguu. Lakini mpaka ulainike unataka miguu, na yangu ndiyo hii."

Nyati akautazama mguu wa Mama Nyemo. Nyati akacheka. "Sogea," akasema.

Akakivunja kichuguu, akakimwagia maji ya korongo, akaanza kukanyaga. Mama Nyemo akakaa juu ya ukuta akamwimbia, na wanawe wakaitikia:

*Nani anakanyaga?*
Chwapu.
*Mwenye pembe kama mwezi.*
Chwapu.
*Nani atapaka?*
Chwapu.
*Yule asiye na mkia.*
Chwapu, chwapu.

Nyati alipenda sana ule mstari wa mwezi. Kila walipoufikia alikanyaga kwa nguvu zaidi, na udongo ukawa laini kama uji wa mtoto.

"Umelainika," akasema Mama Nyemo. "Ila udongo mtupu hupasuka, Bwana Nyati. Unataka samadi ndani yake. Na mimi samadi yangu..."

Nyati akamtazama. Safari hii hakucheka. Alitazama pembeni, akaona haya kidogo.

"Sogea," akasema. "Sogea mbali."

Basi udongo ukapata samadi. Nyati akabeba vikapu vya udongo kwenye pembe zake, kimoja kushoto, kimoja kulia, akavipandisha. Mama Nyemo na wanawe walikuwa juu wakitandaza na kupigapiga kwa mawe laini, pa, pa, pa. Mwisho wakachomeka mlizamu kwenye ukingo wa chini, gogo lililotobolewa katikati, na chini yake wakaweka mtungi.

Mvua ya kwanza ilipokuja, haikubisha hodi. Ilishuka shaaa, kama anayemwaga nchi nzima. Wanyama wote wakakimbilia vichakani. Nyati peke yake alisimama nje ya kibanda, mvua ikimpiga mgongoni, akitazama juu. Aliona maji yakikusanyika juu ya paa, yakageukia upande wa korongo, yakashuka kwenye mlizamu. Chururu, chururu, ndani ya mtungi. Mama Nyemo akafungua mlango amwonyeshe. Ndani hakuna tone. Vumbi la sakafuni lilikuwa bado ni vumbi.

"Kavu," akasema Nyati polepole.

"Kavu, Bwana Nyati. Sijawahi kuona kazi kama hii."

Hapo Mama Nyemo hakuwa akidanganya. Nyati akabaki pale akiloa, na kwa kitambo kizima hakufikiria chakula.

Habari zikaenea. Kanga walikuja kutazama, swala walikuja kutazama. Ngiri alisimama sana nje ya boma, maana ghala lake la mizizi lilikuwa linavuja vibaya. Kila aliyeuliza fundi ni nani, Nyati alijitokeza. Alianza kupita pale hata siku ambazo hakuwa na safari.

Mama Nyemo akapanda. Akapanda kunde, akapanda njugu mawe, akapanda mtama. Maboga akayapanda nje, kando ya ukuta wa kibanda, akayaegemezea fito. Boga halina ubishi, likioneshwa njia linapanda. Maboga yakatambaa ukutani, yakafika juu ya paa, yakalala huko kwenye jua yakinenepa. Wala paa halikulalamika.

Mvua zikaisha, mavuno yakaiva. Mama Nyemo na wanawe wakavuna. Kila kikapu kilichojaa walikipandisha ngazi, wakamwaga juu ya paa. Kunde huku, njugu mawe kule, mtama katikati, na maboga yameshakaa yenyewe. Nyati alipita, akaona.

"Mnafanya nini huko juu?"

"Tunaanika, Bwana Nyati."

Nyati akakubali kwa kichwa. Kila mwenye tembe huanika juu ya paa. "Anikeni vizuri," akasema. "Sitaki kunde zenye ukungu."

"Hutapata hata moja yenye ukungu," akasema Mama Nyemo.

Ikafika siku kunde za mwisho zilipong'olewa. Mama Nyemo akamtuma Mzee Kobe kwa Nyati, akamwambie mavuno yamekwisha. Halafu yeye mwenyewe akapita kwa Ngiri, wakazungumza kidogo, akarudi akapanda juu ya paa na wanawe.

Nyati alikuja ameoga. Hakula chochote tangu asubuhi, ili apate nafasi tumboni. Kobe akafika nyuma yake akihema. Nyati akausukuma mlango. Kwiii.

Ndani kulikuwa na jembe moja. Kulikuwa na ungo uliotoboka. Kulikuwa na kipande cha mtungi, na buibui mgeni aliyehamia.

Nyati akatoa kichwa nje. "Mavuno yangu yako wapi?"

"Yako yapo humo ndani, Bwana Nyati," akasema Mama Nyemo kutoka juu. "Jembe, ungo na kile kigae. Chukua, ni haki yako. Buibui mtaelewana wenyewe."

"Nauliza kunde. Nauliza njugu. Nauliza maboga."

"Hayo yako kwenye jua na upepo. Si ulinipa mimi jua na upepo?"

Nyati akamgeukia Kobe. Kobe akakohoa. "Chini ya paa," akasema Kobe. "Mimi nilikuwepo. Ulisema chini ya paa, ukaapa kwa pembe zako."

Macho ya Nyati yakawa mekundu. Akasogea kwenye kona ya kibanda, akaingiza pembe chini ya boriti, vilevile kama siku ile aliyovunja paa kuukuu. Juu, watoto wa Mama Nyemo wakamshika mama yao. Mama Nyemo alikuwa amefanya hesabu zake zote, lakini pembe zikiwa chini yako, hesabu hukimbia.

"Ukiinua," akasema, "utaangusha paa zuri kuliko yote ya nchi hii. Mimi nitalia, na wewe utalia."

Nyati akakaza shingo. Mpingo haukulia hata kwa mbali, jinsi alivyouweka vizuri.

"Hodi humu ndani," sauti ikasema nje ya boma.

Alikuwa ni Ngiri, kama walivyokubaliana. Amesimama na mkia wake juu, adabu tupu.

"Samahani, naona mko kazini. Namtafuta fundi aliyeweka paa hili. Langu linavuja, na kila ninayemuuliza ananiambia nije kwake. Wanasema hakuna mwingine."

Nyati akabaki vilevile, pembe chini ya boriti. Kisha, polepole, akazitoa. Kidongo kilikuwa kimebanduka pale konani. Akakitazama, akakirudisha kwa pua yake, akakikandamiza mpaka kikashika.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe mwenyewe, Bwana Nyati? Na ule mteremko?"

"Mteremko pia. Linasikiliza, unaona?"

Mzee Kobe akamwachia. Alikuwa mtu mzima, alijua wakati wa kudai sifa zake na wakati wa kuziazimisha.

Mama Nyemo akashusha pumzi. Akachagua boga kubwa kuliko yote, akalisukuma mpaka ukingoni. Likabingirika, bu, bu, bu, likaanguka mbele ya Nyati. Pwaa.

"Hilo halikuwemo kwenye kiapo," akasema. "Ni la fundi."

Nyati akalinusa. Akalila pamoja na mbegu zake, pamoja na kikonyo chake. Lilikuwa tamu, na alikuwa na njaa tangu asubuhi. Hasira ikashuka tumboni ikalala pamoja na boga. Kwa mara ya kwanza alitafuna kitu cha bustani ile bila kukitamani kupitia miiba, akaona kina ladha zaidi.

Kuanzia siku hiyo Mama Nyemo alishusha mavuno yake yote, akayaweka ndani ya kibanda chake, na hakuna aliyemwomba chochote. Wanawe walinenepa. Nyati alizoea kulala mchana kwenye kivuli cha ukuta ule, tumbo chini, akingoja mpita njia amuulize paa ni la nani. Na kwa kuwa Nyati alikuwa amelala pale, hakuna mwizi aliyekaribia bustani.

Lakini nimeruka. Turudi kwa Ngiri, alikuwa bado amesimama.

"Nitakuwekea paa," Nyati alimwambia, akijilamba. "La mpingo, la bapa, lenye mlizamu. Lakini usidhani mimi ni mjinga. Huyu mama amenifundisha. Kwako siku ya mavuno sitaki kilicho chini ya paa. Nataka kilicho juu ya paa. Chote."

Ngiri akamtazama Mama Nyemo. Mama Nyemo akamtazama Mzee Kobe. Mzee Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba lake, na gamba likaonekana kutikisika.

"Umenibana, Bwana Nyati," akasema Ngiri kwa huzuni kubwa. "Haya. Nimekubali."

Na fundisho la ngano hii, mlishike vizuri. Kwanza, paa lako liweke kwa mikono yako mwenyewe, usitegemee nguvu za jirani. Pili, mtu akikupa neno lake, lipokee kama lilivyo, usilichunguzechunguze. Tatu, aliyekosea mara moja hakosei tena. Atakayeniuliza mbona Mama Nyemo hakufuata la kwanza wala la pili na kibanda chake hakivuji, huyo nitampa kikapu akachote udongo.

Hapa ndipo nilipoikuta, na hapa naiacha.

— Aliyeipenda?

Aondoke nayo.

— Asiyeipenda?

Ampelekee Nyati, yuko kwa Ngiri anakanyaga.